Dramu kuukuu za kununua: rangi ya ndani ya mzinga inakwambia nini

Kwenye matangazo ya dramu za miaka ya 1960 kuna maneno hayakosekani: "ndani rangi yake ya kiwandani." Maneno hayo hupandisha bei, na wanunuzi wengi huamini wanalipia sauti. Kwa kiasi fulani ni kweli, ila sehemu kubwa ya pesa hiyo inalipia historia ya kiwanda. Si vibaya, alimradi unajua unacholipia. Mpangilio wangu hapa ni wa mtu anayetafuta seti ya kupiga, jukwaani au studio, si ya kuweka sebuleni wageni waione.

Tuanze na sauti, maana ndiyo inayobishaniwa. Ukipiga ngozi ya juu, hewa iliyomo ndani inasukumwa kuelekea ngozi ya chini, na njiani inagonga kuta za mzinga, yaani mwili wa mbao wa dramu. Ukuta mgumu, uliozibwa vinyweleo kwa vanishi au rangi, hurudisha zile sauti kali za juu. Mbao kavu isiyopakwa kitu hunywa kiasi cha sauti hizo, mlio ukatoka mfupi na mpole zaidi. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Toa ngozi ya tabaka moja uweke ya tabaka mbili, utasikia badiliko ambalo hakuna rangi ya ndani itakayolifikia.

Baada ya ngozi kinachofuata ni ukingo wa mzinga, pale ngozi inapokalia. Dramu ya Ludwig, kampuni ya Marekani, ya miaka ya 1960 ina ukingo uliolainishwa ukawa wa mviringo; ngozi inagusa mbao nyingi, kwa hiyo mlio unakuwa mnene na unazimika mapema. Ukingo mkali wa nyuzi 45, kama wa dramu nyingi za leo, unagusa mbao kidogo na mlio unadumu. Kwa hiyo mtu akisifu sauti ya ile rangi ya kijivu ya ndani ya Ludwig, nitakayoifikia hapa chini, mara nyingi anachosifu ni ukingo, pamoja na mzinga mwembamba wa tabaka tatu wenye pete za kuimarisha juu na chini.

Basi viwanda vilipaka kwa nini? Kuziba mbao isinywe unyevu, na kuficha. Chini ya rangi kiwanda kiliweza kutumia mbao zisizofanana: Ludwig moja ukiikwaruza unakuta mahogani, ya pili unakuta mepo, na mnunuzi wa wakati ule alipochungulia ndani aliona rangi tu.

Nafasi ya kwanza naipa Ludwig ya vanishi wazi, zile zilizotoka Chicago kuanzia karibu mwaka 1968 hadi katikati ya miaka ya 1970. Mzinga bado ni wa tabaka tatu, mepo nje na ndani, popla katikati, na pete zake zipo. Wapo wanaosema zina mlio mkali kuliko zilizopakwa rangi. Mimi nazisikia karibu sawa ngozi zikiwa aina moja na zimekazwa sawa. Faida kubwa ni ya macho: vanishi wazi haifichi kitu. Ufa, tundu lililozibwa, gundi ya fundi wa jana, vyote unaviona kwa tochi ya simu. Na kwa kuwa wakusanyaji wanakimbilia za miaka ya nyuma yake, hizi bei yake bado ina adabu. Dramu za kampuni ya Slingerland za wakati huohuo, zilizotengenezwa Niles, nje kidogo ya Chicago, nazo ni vanishi wazi, na ukizipata nzima usizikatae. Angalia tu pete: kuanzia karibu 1976 Ludwig walihamia mzinga wa tabaka sita usio na pete. Ni dramu nzuri, ila sauti yake imebana na ina nguvu zaidi, kwa hiyo usilipie bei ya zile za mwanzo.

Ya pili ni dramu za kampuni ya Gretsch, za Brooklyn, New York, zenye rangi ya fedha ndani. Wapiga dramu wa jazi Max Roach, Art Blakey, Elvin Jones na Tony Williams walipiga Gretsch, na Charlie Watts wa Rolling Stones alitumia kwa miaka mingi seti ya mwaka 1957. Sauti ni fupi, ya duara, noti inatoka safi hata dramu ikikazwa juu sana. Lakini isifie ukingo wake wa nyuzi 30 na rimu (pete zinazobana ngozi) nzito za chuma cha kumiminwa kabla hujaisifia rangi. Rangi hiyo ya fedha imetumika miaka mingi mno, haiwezi kukwambia umri wa dramu. Tazama beji: kwa dramu kuukuu, ya mviringo ilitumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya pembe nane ilikuja baadaye. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu, bei.

Sasa tufike kwenye Resa-Cote, rangi ya kijivu yenye madoadoa ambayo Ludwig waliitumia tangu karibu 1963 hadi 1968, baada ya kuacha nyeupe. Hii ndiyo inayotafutwa kuliko zote, na sababu inajulikana: Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, alianza kupiga Ludwig mwaka 1963, na Februari 1964 Wamarekani wakamwona kwenye televisheni. Ni dramu tamu kweli. Tatizo ni kwamba unalipia na Beatles ndani yake. Ukiamua kununua, fungua ngozi moja utafute muhuri wa tarehe wa wino mwekundu ukutani. Nyingi za miaka hiyo zinao. Pitisha kidole: rangi ya kiwandani ina vipele vidogo. Kisha tazama pembeni mwa skrubu za ndani. Rangi ikiwa imepanda juu ya washa na vichwa vya skrubu, kuna mtu aliipaka upya bila kuvua vyuma. Na usidanganywe na kijivu kingine, Granitone cha mwishoni mwa miaka ya 1970: kile kimo kwenye mizinga ya tabaka sita isiyo na pete, na beji ni ya buluu na zeituni badala ya ile ya zamani iitwayo Keystone.

Dramu za kampuni ya Rogers, za Ohio, nazo za kijivu chenye madoadoa, zinafuatia hapo. Vyuma vyake vilikuwa mbele ya wakati, ila vipuri vinasumbua.

Mwenye mfuko mwepesi atazame Imperialstar ya kampuni ya Tama ya Japani. Mzinga ni tabaka tisa za mbao ya bei rahisi ya Ufilipino, na ndani umepakwa rangi ngumu iitwayo Zola-Coat. Hapa rangi ina kazi ya kweli, kwa sababu mbao yenyewe ni laini na ina vinyweleo vikubwa. Bila kuzibwa ingenyonya mlio. Stewart Copeland alizipiga akiwa na bendi ya The Police, hakuna aliyelalamika.

Mwisho kabisa naweka dramu za Kijapani za miaka ya 1960 ambazo ndani hazikupakwa chochote. Mombasa, Unguja au Dar, kwa unyevu wetu, mbao hiyo inavimba na tabaka zinaanza kuachana. Na iliyokwanguliwa rangi yake ya asili ili "ipumue" iache palepale. Sauti haikuongezeka, thamani imeondoka.

Kama muuzaji yuko mbali, usiombe picha ya rangi peke yake. Mwambie avue ngozi, aulaze mzinga juu ya kioo bapa, azime taa na aweke tochi ndani: mwanga ukipenya chini, ukingo hauko sawa. Halafu apime kipenyo kwa futikamba sehemu tatu tofauti na akupigie picha kila kipimo. Vipimo vikitofautiana, mzinga umepinda na ngozi haitakaa vizuri, hata kama rangi ya ndani haijaguswa tangu itoke kiwandani.