Kutoka Uyole hadi Mnemba: tumepima huduma za kuzamia kwa anayetafuta viumbe wadogo

Vituo vingi vya kuzamia katika pwani yetu vinauza kasa, pomboo na papa potwe. Anayetaka kumwona kamba wa sentimita 2 aliyejibanza juu ya jongoo bahari anahitaji huduma ya namna nyingine: boti ileile na mtungi uleule, lakini kiongozi mwenye subira na dakika 60 za kukaa mahali padogo. Tumepima njia tatu ambazo mkazi wa Mbeya, Iringa au Njombe anaweza kuzifuata: Mnemba kule Unguja, Ghuba ya Chole kule Mafia, na Mikindani mkoani Mtwara. Kwa watu wa Nyanda za Juu, kigezo cha kwanza ni safari ya kurudi nyumbani. Hicho ndicho vituo vya pwani husahau kukuuliza.

Ukiwa chini unavuta hewa yenye shinikizo kubwa, na nitrojeni inayeyuka katika damu na misuli. Ukirudi juu taratibu inatoka kwa pumzi, lakini haiishi siku hiyohiyo. Ukipanda mlima mapema, shinikizo la hewa linapungua na nitrojeni iliyobaki inaweza kugeuka mapovu mwilini. Mwongozo wa DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, unataka angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja kabla ya kupanda ndege, na angalau saa 18 baada ya mizamo kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Vituo vingi huongeza hadi 24. Mwongozo huo unahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hadi 2,400 hivi, na mwili hautofautishi ndege na basi. Iringa iko juu ya mita 1,500, Mbeya mjini ni kama 1,700, Njombe inakaribia 2,000.

Sasa piga hesabu. Mzamo wa mwisho Mnemba umemalizika saa 5 asubuhi. Unarudi Mjini Unguja, unapanda boti ya jioni, unafika Dar es Salaam magharibi. Ukidaka basi la saa 1 usiku, unaanza kupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa kwenye saa 8 usiku, yaani saa 15 tu tangu utoke majini. Hapo umevunja kanuni ukiwa umelala. Ukilala Dar na kuondoka na basi la saa 12 alfajiri, Kitonga unaifikia kama saa 7 mchana: saa 26, hesabu nzuri. Ndege ya asubuhi kwenda Songwe, tuseme ya saa 2, inakupa saa 21. Inapita, ila bila akiba kubwa, na uwanja wenyewe uko mita 1,340 juu ya bahari. Mwenye gari binafsi na haraka anaweza kulala Morogoro, ambako ni kama mita 500, akapanda siku ya pili.

Dalili za tatizo ni maumivu ya viungo, ganzi au mchonyoto mikononi na miguuni, vipele na uchovu usioeleweka. Ubaya wake ni kwamba baada ya saa nane kwenye kiti cha basi kila abiria analalamika hivyo hivyo, na mtu anajiambia ni safari tu. Zikianza njiani, usiendelee kupanda. Shuka, tafuta hospitali yenye oksijeni, na waeleze wazi kwamba ulizamia na saa ulizotoka majini. Kabla hujalipa kituo chochote, uliza chumba cha shinikizo, ambamo tatizo hili hutibiwa, kinachofanya kazi kiko wapi na nani anakupeleka.

Kwa kigezo hiki, Mnemba inaongoza. Boti ya kwenda Dar inasafiri usawa wa bahari, kwa hiyo muda wa kusubiri unautumia kusogea nyumbani. Kwa viumbe wadogo hali ni mchanganyiko. Asubuhi eneo hujaa boti za watalii wa kuogelea juu juu, na viongozi wengi wamezoea kukimbiza wageni kwenye miteremko kama Kichwani, ambako mkondo unakubeba na huwezi kusimama mbele ya chochote. Omba miamba ya kina kifupi yenye mabaka ya mchanga, kama Wattabomi, mita 8 hadi 18. Huko ndiko wanakopatikana samaki-jani, samaki-chura, kamba-vunjajungu kwenye mashimo yao, na konokono-bahari wasio na gamba wanaokula sifongo. Kikundi kikizidi watu wanne kwa kiongozi mmoja, sahau. Wa nyuma ataona vumbi la mapezi ya wa mbele.

Ushauri wetu ni kwamba mzamo wa mwisho usiufanye Mnemba hata kidogo. Fanya mbele ya Mji Mkongwe, kwenye mabaki ya Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandika nyaya iliyozama mwaka 1902. Iko kwenye kina cha kama mita 12, hivyo unatoka na nitrojeni kidogo, na uko karibu na bandari. Maji yake mara nyingi si maangavu kama ya Mnemba. Hilo linamkera anayetafuta mandhari, lakini wewe unatazama kwa umbali wa shibiri. Vyuma vya zamani vina mianya mingi, na kila mwanya una mkazi.

Mafia ni kitu kingine. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na Ghuba ya Chole imekingwa na upepo kiasi kwamba unaweza kuzamia ndani yake hata bahari ya nje ikichafuka. Utende, kijiji cha kando ya ghuba, kuna utulivu ambao Nungwi ya Unguja imeupoteza. Ndani ya ghuba kuna nyasi za bahari, mchanga na matumbawe kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio hasa viumbe wadogo wanaupenda. Mlango wa Kinasi, upenyo wa ghuba kuelekea bahari ya nje, uzamiwe maji yanapojaa, kwa sababu maji safi ya nje yanaingia. Yakipwa, ghuba inatoa tope lake na mkondo unakusukuma kuelekea baharini. Kituo kinachokupangia saa ileile kila siku bila kutazama maji hakifai.

Kasoro ya Mafia ni usafiri. Ndege ndogo kutoka Dar inachukua kama nusu saa, lakini chumba chake hakina shinikizo la kurekebishwa, hivyo nayo ni kupanda mlima. Kivuko cha Nyamisati, bandari ya upande wa bara, ni cha bei nafuu na kinachukua kama saa 4, na ratiba yake hufuata maji, si saa yako. Tenga siku nzima ya kurudi Dar. Siku hiyo haipotei, kwani ndiyo saa 18 zako. Kwa mwenye likizo ya wiki moja au zaidi, Chole inashinda Mnemba. Mwenye siku nne za kukaa pwani atatumia mbili akiwa njiani.

Mtwara tunaipa nafasi ya tatu, ingawa matumbawe yake hayana kosa. Hifadhi ya Mnazi Bay na Maingilio ya Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, na Mikindani ni mahali pazuri pa kuzamia polepole. Tatizo ni kwamba huduma ni chache. Chombo kimoja kikiharibika hakuna jirani wa kumkopa. Inawafaa zaidi watu wa Songea na Njombe, kwa kuwa barabara ya Tunduru na Masasi inawafikisha bila kupitia Dar. Piga simu kwanza, pata jibu la maandishi, ndipo ukate tiketi. Na wakati wa kurudi kumbuka Songea iko juu ya mita 1,000.

Wapo wanaouliza kwa nini wasiende Matema, karibu na nyumbani. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni warembo kweli, lakini ni samaki wa maji yasiyo na chumvi. Konokono-bahari na farasi-bahari hawapo. Halafu ziwa lenyewe liko kama mita 475 juu ya bahari, na barabara ya Tukuyu inavuka mita 2,000 kabla ya Uyole, ndani ya saa chache tu. Kwa nitrojeni, Matema kwenda Mbeya siku hiyohiyo ni mbaya kuliko Mnemba kwenda Mbeya kesho yake.

Kuhusu tarehe, usianze na kalenda ya ofisi, anza na mwezi angani. Bamvua huja mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na tofauti ya kupwa na kujaa Unguja inaweza kufika mita 4: mkondo mkali, mchanga umetimuliwa. Maji mafu, yaani tofauti hiyo ikiwa ndogo, huja siku chache baada ya siku ya 7 na ya 21 tangu mwezi kuandama. Panga siku zako za kuzamia humo. Majira mazuri ni Oktoba hadi Machi, ukiepuka siku za kaskazi kali. Juni hadi Agosti kusi inavuma, maji hushuka hadi nyuzi 24 au 25, na mtu anayekaa tuli mbele ya jiwe moja kwa saa nzima anatetemeka hata akiwa na suti ya milimita 3. Chukua ya 5. Miezi hiyohiyo Mbeya na Njombe ni baridi na nusu ya familia ina mafua. Mwenye mafua hawezi kusawazisha masikio, na dawa ya kuzibua pua ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inanaswa wakati wa kupanda. Ahirisha.

Ambaye hajawahi kuzamia asipange safari hii kama ya kwanza. Cheti cha awali cha PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, kina mizamo minne baharini na kinakuruhusu hadi mita 18, kina kinachotosha kabisa. Nadharia isomee kwenye simu ukiwa Mbeya, na fomu ya afya ijaze mapema: jibu moja la “ndiyo” kwenye pumu au moyo linadai saini ya daktari, na kumtafuta daktari ukiwa Nungwi kunakula siku. Ujuzi unaokosekana zaidi ni kuelea bila kugusa. Wengi wanapewa risasi (vipande vya madini vya kuongeza uzito) nyingi kupita kiasi ili wazame haraka, kisha wanajaza hewa kwenye jaketi la kuelea, miguu inaning'inia na mapezi yanachimba mchanga. Pima hivi: mtungi ukiwa karibu kuisha, jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho. Ukizama, punguza kilo moja moja.

Mwulize kiongozi aanze na mwenyeji wa kiumbe. Anayejua kazi atakupeleka kwenye anemoni kutafuta kaa kauri, kwenye kiti cha pweza (nyota ya bahari) kutafuta kamba wa upande wa chini (akikigeuza, akirudishe taratibu, asipokirudisha badilisha kiongozi), na kwenye shimo ambalo kamba anachimba huku samaki mdogo akilinda mlango. Akikujibu kwamba “tutaona tukifika”, umepata dereva wa kasa. Bei unayopewa iulize kama ina ada ya hifadhi, kompyuta ya kuzamia na tochi, na beba kitambulisho cha NIDA, maana ada za Mtanzania na za mgeni haziko sawa.

Kamera tunayoipendekeza kwa bajeti ya kawaida ni Olympus TG-6 ya mwaka 2019 au OM System TG-7 iliyoifuata mwaka 2023. Yenyewe inavumilia mita 15; ndani ya kasha la PT-059, ambalo linazikubali zote mbili, inafika mita 45. Hali yake ya hadubini inalenga kuanzia sentimita 1, na hapo ndipo inapozishinda kamera ndogo nyingine. Kasoro zake ni betri inayochoka haraka ukitumia skrini mfululizo, na mwanga wake wa mbele unaoangaza chembe za maji ukiwa mbali. Sogea hadi sentimita 10, weka kisambaza mwanga, shika tochi pembeni kwa nyuzi 45.

Kasha hilo usilifunge ukiwa Mbeya. Shinikizo la hewa hapo ni pungufu ya lile la pwani kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo ukifika Dar kifuniko chenye sentimita za mraba 100 kinabanwa kwa nguvu kama ya kilo 19, na watu huvunja komeo wakilazimisha. Safiri nalo likiwa limeachwa wazi, mpira wa kuzibia ukiwa kwenye mfuko wake. Funga ukiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi na pakiti ya silika ndani, la sivyo hewa nzito ya pwani itaganda kuwa ukungu kwenye kioo dakika kumi tu baada ya kuzama. Angalia mpira kwa tochi, nywele moja inatosha kuingiza maji. Lizamishe kwanza tupu kwenye ndoo kwa dakika kadhaa, kisha ndipo utie kamera. Wakati wa kurudi fungua tena kabla ya Kitonga.