Red Queen: nimekisoma mara mbili na bado nabishana na wanaokiponda

Jana usiku nimemaliza Red Queen ya Victoria Aveyard kwa mara ya pili nikaona niandike sahivi moto ukiwa bado upo, maana kila nikikutana na mtu aliyekisoma hiki kitabu naambiwa moja kati ya mawili, ama ndo kitabu bora alichowahi kushika ama ni viraka vya vitabu vya wengine vilivyoshonwa pamoja. Katikati hapana mtu. Na mi nawaelewa wote, ila naona wanabishania kitu ambacho sicho.

Kwa ambaye hajakisoma, kilitoka 2015 na ndo riwaya ya kwanza ya huyu mwandishi, halafu zikafuata tatu nyingine za kuendeleza, Glass Sword, King's Cage na War Storm. Nchi inaitwa Norta, ina mfalme, na watu wake wamegawanywa kwa damu. Wekundu wana damu kama yetu, wao ndo wanafanya kazi zote na wao ndo wanapelekwa mstari wa mbele, na vita yenyewe na jirani zao wa Lakelands imeshapitisha miaka 100. Wafedha wana damu ya rangi ya fedha na wana nguvu za ajabu, huyu anachezea moto, huyu chuma, huyu maji, mwingine anakuingia kichwani anasoma unachowaza. Mwekundu akifika miaka 18 hana kazi anaenda jeshini, hakuna mjadala. Mare Barrow ana 17, kazi hana, anaishi kwa kuchomoa watu mifukoni, na kaka zake watatu wote walishachukuliwa.

Sasa mwanzo wa kitabu ni mzuri jamani, mzuri kweli. Baba yupo kwenye kiti cha magurudumu, vita imemla mguu. Mdogo mtu, Gisa, anadarizi nguo za Wafedha na mikono yake ndo inalisha nyumba nzima, kila mtu pale nyumbani anajua Gisa ndo tegemeo na Mare ndo mzigo, na hakuna anayelisema kwa sauti. Halafu Mare anahitaji pesa za kumtorosha rafiki yake Kilorn asipelekwe vitani, Gisa anaamua kumsaidia dada yake kwa kujaribu kuiba, mtoto ambaye hajawahi kuiba maishani, anakamatwa na askari anamvunja mkono. Ule ule wa kudarizi. Pale nilikiweka kitabu chini kwa muda, na safari hii ya pili nikakiweka tena japo nilikuwa najua kinachokuja.

Baadaye Mare anapata kazi ya utumishi ikulu, siku ya mashindano ya kumtafutia mwana wa mfalme mchumba anaanguka juu ya ngao ya umeme mbele ya mabwana wote, badala ya kufa umeme unamtii. Mwekundu mwenye nguvu za Wafedha! Mfalme na malkia hawawezi kumuua hadharani kila mtu ameshaona, basi wanatunga uongo kwamba ni binti wa jenerali Mfedha aliyekufa vitani, akalelewa na Wekundu bila kujijua, wanambandika jina Mareena Titanos na kumchumbia Maven, yule mtoto wa pili wa mfalme.

Haya, malalamiko. La kwanza ndo hilo la kukopi. Msichana maskini, uwanja wa mapigano, waasi, wavulana kila kona, ndiyo, vyote vilishatumika sana na sibishi. Ila angalia alichokifanya na ufalme wenyewe. Kwenye hadithi nyingi za wafalme, mfalme ukimvua taji ni mtu kama wewe. Hapa sivyo, hapa utawala upo mwilini, ukimvua taji bado anaweza kukuchoma moto umesimama. Ndo maana Wekundu wanalazimishwa kwenda uwanjani kutazama Wafedha wakipigana wenyewe kwa wenyewe, ili kila mtu arudi nyumbani anajua hawezi kitu. Na hata mchumba wa mwana wa mfalme hachaguliwi kwa urembo, mabinti wanaingia mmoja mmoja kuonyesha nani anaweza kubomoa zaidi, na Evangeline Samos anayekunja chuma kama karatasi anajua tangu asubuhi kwamba kiti ni chake. Hilo wazo lina uzito na watu wanalipita haraka mno kwa sababu wako bize kuhesabu nani anampenda nani.

La pili eti Mare anaudhi, mkaidi, hafikirii. Mi hapo sikubali kabisa. Huyu ni mwizi wa mifukoni, anafikiri kama mwizi, anatazama mikono ya watu na milango, na ukimsoma hivyo utaona kwa nini anajiamini kupita kiasi akiwa ikulu. Amezoea yeye ndo anayewazuga wengine.

Na hapo ndo nilipotaka kufika, kwa hiyo kama hujakisoma ruka aya hii. Usaliti wa Maven. Nimesikia wengi wanasema waliuona tangu mbali na wengine wanasema umetokea hewani bila maandalizi, na mi baada ya kurudia nasema umeandaliwa vizuri sana. Maven kila saa anarudi kwenye kivuli cha kaka yake Cal, anasimulia kuhusu rafiki yake Mwekundu aliyefia vitani, anajiunga na waasi wa Scarlet Guard, na unamuamini kwa sababu na wewe unataka yule mtoto aliyesahaulika awe mwema. Wakati huo mama yake, malkia Elara, ndo yule anayeingia vichwani mwa watu, tumeambiwa mapema kabisa, na bado tunasahau. Halafu anamtumia Cal kumkata kichwa baba yake mwenyewe, mkono ni wa Cal na akili ni ya Elara. Mara ya kwanza nilishtuka tu, mara ya pili niliumia, maana nilikuwa naona Mare anaingia mtegoni ukurasa kwa ukurasa na siwezi kumwambia.

Cal naye wanamuonea wanaomwita mpole tu asiye na msimamo. Anao, tena ndo shida. Anatoka usiku kwa nguo za kawaida akaone watu wanaishije, anamhurumia Mare, ila kuvunja kiti cha enzi hataki, anaamini kitatokea umwagaji damu mkubwa zaidi. Mtu mwema anayelinda mfumo mbaya, nilimchukia na kumuelewa kwa pamoja.

Kinachoniuma mimi na sijaona watu wakilisema sana ni kwamba tukishaingia ikulu Wekundu wanapotea. Tunafundishwa kutembea, kuvaa, kupigana, tunazungushwa kati ya Cal na Maven, na kule kijijini the Stilts tunarudi kidogo mno. Kuna sehemu waasi wanashambulia, ufalme unalipiza kwa kushusha umri wa kwenda jeshini mpaka miaka 15, na anayelazimishwa kusoma hilo tangazo mbele ya kamera ni Mare mwenyewe. Wazia! Hiyo ilistahili sura nzima, nilitaka kuwa ndani ya nyumba moja ya Wekundu siku ile wanasikia, mama ana mtoto wa miaka 15 na sauti inayotangaza ni ya binti wa jirani. Tunapita haraka. Mwandishi alisomea uandishi wa filamu na unaona, matukio yanakimbia, kila sura inakatikia pabaya ili usilale, na hiyo spidi ndo utamu wake na ndo inayoacha vitu vizito njiani.

Kama unataka mapenzi yaliyotulia hiki sicho. Kama unapenda fitina za ikulu na unaweza kuvumilia ule msemo wa kwamba yeyote anaweza kumsaliti yeyote unavyorudiwa, kichukue. Natoa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeibakiza kwa ajili ya Gisa.