Uzoefu wangu: dokumentari mbili za hukumu ya kifo, barazani kwa mjomba

Anayetaka kuitafuta dokumentari ya The Thin Blue Line ya Mmarekani Errol Morris amtajie mpakiaji wa muvi na mwaka: 1988. Mimi sikutaja. Kibanda kimoja cha muvi hapa Ngamiani, Tanga, kilinijazia flashi vichekesho vya polisi vya Rowan Atkinson, vyenye jina hilohilo, na hela hawakurudisha. Yenyewe nimekuja kuipata kwa bando langu, na bando hilo sijalijutia.

Niliitazamia Makorora, kwa mjomba, laptopu juu ya kigoda, birika la kahawa pembeni. Tafsiri ya Kiswahili hakuna, kwa hiyo kila baada ya maneno machache nasimamisha, namweleza. Filamu ya saa moja na dakika 40 ilitupeleka toka magharibi hadi karibu saa tano. Nilimchagua mjomba kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza, enzi zile kesi za mauaji Mahakama Kuu jaji akizisikiliza pamoja na wazee wa kumpa maoni.

Kisa ni cha Dallas, Texas, Novemba 1976. Askari Robert Wood alisimamisha gari usiku, akapigwa risasi akafa. David Harris, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akiendesha gari la wizi, akamtaja Randall Dale Adams, mtu wa Ohio ambaye Harris alimpa lifti siku hiyo, baada ya Adams kuishiwa mafuta njiani. Adams akahukumiwa kifo. Mwaka 1979, zikiwa zimebaki siku 3 tu auawe, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani akasimamisha, na baadaye adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha. Morris wala hakumfuata yeye. Alikwenda Texas kumrekodi daktari wa akili ambaye kazi yake mahakamani ilikuwa kusema mshtakiwa huyu ataua tena, ndipo akakutana na Adams gerezani.

Kilichonishika ni namna tukio moja linavyorudiwa. Kila shahidi akisema, tunaonyeshwa barabara ileile na taa zilezile, lakini mara dereva ana nywele hivi, mara vile. Yupo mama aliyepita na gari usiku ule, akaapa kwamba alimwona dereva. Anaongea kwa raha kabisa, hana hata chembe ya shaka. Hapo mjomba akanigusa mkono. "Simamisha, mwanangu."

Akanisimulia kesi ambayo sijawahi kumsikia akiitaja. Shahidi alidai amemtambua mshtakiwa usiku, kwa mwanga wa koroboi. Koroboi yenyewe ililetwa mahakamani kama kielelezo, ya kopo la maziwa, utambi umekauka. Hakuna aliyeomba iwashwe ionekane inamulika hadi wapi. Mahakama ya Rufani ilishasema katika kesi ya Waziri Amani, 1980, kwamba utambuzi wa usiku upimwe kwa umbali, mwanga, na muda shahidi aliomwangalia mtu. Mjomba anasema siku ile yeye alimwangalia shahidi usoni, akamwona mkweli. Akatoa maoni kwamba mshtakiwa ana hatia. Rufaa iliishaje, hakupata kujua.

Tukaendelea. Mwishoni kamera ya Morris iliharibika, kwa hiyo mahojiano ya mwisho na Harris ni kinasa sauti tu kinachozunguka mbele ya macho yako. Anaulizwa kama Adams hana hatia, anajibu kuwa ana hakika. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye anayejua. Adams aliachiwa 1989, baada ya miaka 12, bila kulipwa hata senti. Harris aliuawa na serikali ya Texas mwaka 2004, kwa mauaji mengine.

Ya pili ni Fourteen Days in May ya BBC, 1987: siku 14 za mwisho za Edward Earl Johnson katika gereza la Parchman, Mississippi. Nzito kuliko ya kwanza. Wanakijaribu chumba cha gesi kwa sungura, na unamwangalia sungura huyo hadi mwisho. Kiufundi ni ya kawaida, picha zake zimechakaa, lakini usiiweke watoto wakiwa macho.

Sisi wa pwani hii kitanzi tunakifahamu tangu Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim pale Pangani, Desemba 1889. Na kwetu Tanzania hajanyongwa mtu tangu 1994, ila kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kingalipo: ukipatikana na hatia ya mauaji, jaji lazima atamke kifo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema Novemba 2019 kwamba kumnyima jaji nafasi ya kupima adhabu ni kuvunja haki ya uhai. Watu wanaongojea kitanzi wapo magerezani mwetu hadi leo, ndiyo maana ninataka filamu hizi zitafsiriwe. Zile muvi za mapigano mbona zinatafsiriwa kila wiki?

The Thin Blue Line naipa 9 kati ya 10, na hiyo moja niliyokata ni ya muziki, kuna mahali unafunika sauti. Fourteen Days in May naipa 8.

Flashi iko kwa mjomba. Juzi nimepita kumwamkia, akaniomba nimwekee tena, aanzie pale kwa yule mama wa kwenye gari.