Fizio aliyeanza na mgongo
Jamani bega la kulia limenitesa miezi 4, nikianika nguo tu nasikia kama msumari, nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likakataa. Juzi nikaenda kwa fizio mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo, huku mtaani, akaniambia vua shati, shika chupa 2 za maji za lita 1.5, yeye akakaa nyuma yangu nanyanyua mikono mara 5 taratibu. Kumbe anaangalia kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, bwana! La kulia linabinuka kama bawa la kuku, hasa nikishusha. Akalisukuma kidogo kwa kiganja huku nanyanyua tena, maumivu yakapungua palepale, nikabaki nacheka. Foleni ndo balaa, masaa mawili kwenye benchi na feni mbovu. Jumatatu narudi.