Mbegu za mboga za kununua kwanza kwa bustani ya nyumbani Dar es Salaam

Mtu akiamua kulima mboga uani, mbegu anayoikimbilia dukani huwa ni nyanya. Mimi nyanya naiweka nafasi ya nne. Kwa joto la Dar na mchanga wetu wa Kigamboni na Mbagala, anza na mboga unayochuma leo na wiki ijayo imechipua tena.

Nafasi ya kwanza ni matembele, na hayo huhitaji kununua pakiti. Omba marando kwa jirani au kwa wanaolima bondeni, kata vipande vya kama sentimita 30, fukia pingili mbili tatu kwenye mchanga uliochanganywa na samadi, mwagilia. Baada ya mwezi hivi unachuma ncha, na jua la Januari hayalijali sana mradi yapate maji.

Ya pili ni mchicha. Punje zake ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kijiko cha mbegu na mchanga mkavu ndipo usie, la sivyo zinaanguka zote mahali pamoja. Wiki tatu hadi nne unang'oa. Ukiipata aina ya Madiira, iliyoidhinishwa nchini mwaka 2011, ichukue: ina majani mapana na inachelewa kutoa maua, hivyo unaweza kuikata ukaiacha ichipue.

Ya tatu ni bamia, aina ya Clemson Spineless, ambayo haina vile vimiiba vinavyowasha mikono. Loweka mbegu usiku mmoja. Ikishaanza kuzaa, pita kila baada ya siku mbili, maana bamia likipitiliza linakuwa nyuzi tupu. Nyanya chungu nayo naiweka hapo hapo; mche mmoja unazaa miezi kadhaa.

Sasa nyanya. Muuzaji atakuonyesha chotara, ile iliyoandikwa F1, na bei yake itakushtua. Anayeuza matenga sokoni anairudisha hela hiyo. Wewe wa miche minane huna sababu. Chukua Tanya au Tengeru 97, zilizotolewa Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Zote zinahimili minyoo fundo, ile ya udongoni inayovimbisha mizizi, na mbegu unaweza kuzitunza mwenyewe kutoka kwenye tunda lililoiva vizuri. Ukitunza za chotara, msimu ujao kila mche unakuja na sura yake. Tanya ni fupi, inakaa vizuri kwenye ndoo ya lita 20. Sia kitaluni Aprili au Mei ili maua yatoke wakati usiku umepoa. Ya Januari mengi hupukutika. Na kila asubuhi geuza majani umtafute kantangaze, mdudu aliyetuingilia mwaka 2014. Ukiona mabaka meupe kama karatasi na kifunza ndani yake, chuma jani hilo ulichome.

Sukuma wiki nunua kwa ajili ya miezi ya baridi tu, na uwe tayari kupambana na wadudu mafuta. Kabichi achana nayo: miezi mitatu ya kumwagilia kwa kichwa kimoja!

Ila aina nzuri yenye mbegu mfu haikusaidii kitu. Mwaka jana nilinunua pakiti iliyotundikwa mlangoni mwa duka, jua la saa nane linaipiga. Nikasia trei nzima, ikaota miche minne. Iliniuma, kwa sababu samadi na muda havirudi. Siku hizi naomba pakiti iliyokaa ndani kivulini, natazama lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho wa kutumia, na nikifika nyumbani nafunga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi. Baada ya siku tano hadi saba nafungua na kuhesabu. Zikiota nane, nasia kama kawaida. Zikiota tano, nasia mbegu maradufu. Zikiota mbili, narudi nacho kitambaa dukani.