Uzoefu wangu: boksi la wosha na katriji ya shaba, nilizonunua Nakuru

Hii ni ya wale wanaotaka kununua zile boksi za plastiki za wosha na O-ringi (viringi vya mpira) za mfereji, za saizi mchanganyiko. Yangu nilitoa kwa hadiweya hapa Nakuru, 350, na nikachukua pia katriji moja ya shaba ya 250, kile kichwa cha ndani kinachofungua na kufunga maji, juu kwangu mifereji iko aina mbili. Ya uani na ya bafu ni zile za kitambo, unazungusha unazungusha mpaka ikaze, ndani kuna wosha ya mpira. Ya jikoni ni ile ukigeuza robo tu maji yako wazi, hiyo haibani na wosha, inafungwa na diski mbili za serami zilizo ndani ya katriji.

Boksi kwanza. Wosha za nusu inchi ziko sawa, mfereji wa uani umenyamaza na siukazi tena kwa nguvu zote. O-ringi ilimaliza yale maji yalikuwa yanatokea shingoni kwa ule wa bafu. Lakini zaidi ya nusu ya boksi sijui nitaipeleka wapi, kuna viringi vidogo hivyo sijawahi ona mfereji wa kuvivaa, na zile wosha nyekundu za faiba ni za kuweka kwa jointi za paipu, si za ndani ya mfereji, sasa muuzaji hasemi hayo. Kama unajua saizi yako nunua wosha moja moja dukani, ni bei ya peremende.

Katriji ndiyo imenifurahisha. Fundi wa ploti alikuwa ashasema mfereji wa jikoni utolewe wote uwekwe mpya, na mwili wake ni shaba nzito hata haijaanza kuliwa, kumbe kilichoisha ni kile kichwa tu. Maji yetu yanakaa kwa tenki na tenki haikosi mchanga, na mchanga ukiingia kati ya zile diski unazikwaruza, hapo hata ukaze vipi itadondoka tu. Tafadhali beba ya zamani ukienda duka! Kwa macho zote zinafanana lakini kuna za meno 20 na za meno 24 pale kishiko kinaingia, ukikosea kishiko hakikai. Alafu kama mfereji wako una vishiko viwili, cha moto na cha baridi, mara nyingi katriji zake zinafunguka kwa kupingana, moja kulia ingine kushoto, kwa hivyo angalia unabadilisha ya upande gani. Mikisa ya kishiko kimoja, ile inachanganya moto na baridi, ni habari nyingine, hizo katriji zake ni pana, nyingi ni milimita 35 au 40, usichukue hii.

Kulikuwa na ya plastiki ya 120, niliiacha, nati ya plastiki ukiikaza na spana inapasuka.

Kufunga si kazi, funga maji kwa geti valvu, fungua mfereji yaliyobaki yaishe, ziba tundu la sinki na kitambaa (skrubu ya kishiko ni ndogo sana na inapenda kupotelea huko), toa kishiko, fungua kichwa na spana. Kwa zile za wosha, kabla urudishe pitisha kidole pale wosha inakalia, ukisikia pamekwaruza au pana mashimo jua kiti chenyewe kimeliwa na wosha mpya haitashika, hapo sasa mfereji mzima ndio wa kubadilisha ama utafute fundi mwenye kifaa cha kukisaga.

Na kama shida yako ni kwamba ukifungua mfereji maji yanakuja kidogo tu, usinunue chochote kwanza, fungua kile kichujio cha mdomoni ukiloweke kwa siki nyeupe usiku mmoja.

Boksi nyota mbili na nusu, katriji nyota nne, ya tano nimekatalia kwa sababu kishiko kinageuka kigumu kidogo kuliko cha kwanza, mamangu analalamika.