Foronya ya hariri au ya satini? Nimelalia zote hapa Dodoma, haya ndo niliyoyaona

Naanza na hela maana ndo iliyoniuma. Mwezi wa sita 2024 nilitoa 65,000 kununua foronya moja, moja jamani siyo pea, kwa muuzaji wa mtandaoni yuko Dar, kaandika hariri halisi asilimia 100 na kaweka picha ya mdada kalala nywele zimetulia hata unywele mmoja haujasimama. Mzigo ukaja na basi nikaufuata stendi kuu Nzuguni kwa bodaboda, kwenda na kurudi, kwa hiyo ongeza na hiyo. Mume wangu akauliza hiyo bei ni pamoja na mto au mto unajitegemea? Nikamwambia we lala tu.

Sababu ya kuhangaika ni hii. Nilihamia Dodoma 2019 kikazi, nimetoka Dar ambako hewa yenyewe ina unyevu, nywele zangu ni za asili zile ngumu kabisa, niliacha dawa siku nyingi. Dar nilikuwa nikipaka mafuta kidogo jioni nalala nimemaliza. Huku mwenzenu nilikuta shughuli. Kuanzia mwezi wa tano mvua zimekata hadi mwezi wa kumi na moja hakuna kitu angani ila upepo na vumbi, maji ya kisima tulikopanga mwanzo yalikuwa ya chumvi hata sabuni haitoi povu, nywele zikawa kama katani. Na zilikuwa zinakatika sehemu moja, kisogoni, pale pale kichwa kinapogusa mto. Msusi wangu wa Area C ndo alinionesha, akaniwekea kioo nyuma akaniambia dada hapa nyuma umepungukiwa, unalalia nini? Nikamjibu foronya za kawaida, zile za pamba za seti ya mashuka. Akasema tafuta siliki (ndo hiyo hariri) au satini. Nikamuuliza tofauti yake nini, akasema siliki ya matajiri, satini ya sisi. Basi nikataka ya matajiri.

Nikailalia kama wiki tatu. Siyo kwamba ilikuwa mbaya, kusema ukweli asubuhi nywele zilikuwa zimefungana mafundo kidogo kuliko zamani na twende kilioni yangu ilifika wiki ya pili bila kuchakaa mbele. Ila kulikuwa na kitu kinanitatiza. Usiku nikigeuka nasikia tsa tsa tsa, kama nguo ya nailoni ukiivua kichwani, na nikiwasha taa nywele za mbele zimesimama zenyewe zinafuata foronya. Na zipu ilikuwa chuma chembamba, siku moja ikanasa kwenye msuko nikavuta bila kujua, nikaamka na unywele umebaki kwenye zipu.

Sasa hiyo zipu ndo ikanipeleka kwa fundi wangu pale Majengo, mzee wa makamo ana cherehani yake barazani mwa duka la vitambaa. Nikampa, nikamwambia baba nitolee hii zipu uniwekee ya kukunja, angalia lakini ni hariri hiyo imenigharimu. Akaipitisha kidoleni, akaigeuza ndani nje, akanitazama. "Mama, hariri umeiona wapi hapa?" Akachomoa uzi kwenye pindo kwa ncha ya sindano, akauweka juu ya kizibo cha soda, akawasha kiberiti. Uzi haukuungua kama kitu kinachoungua, ulijikunja ukarudi nyuma ukayeyuka, moshi kidogo mweusi, harufu ya ndoo ya plastiki iliyowekwa karibu na jiko. Kilichobaki ni kipunje cheusi kama punje ya ulezi, kigumu, nikakibana kwa kucha hakipasuki. Akasema hii ni polyesta, mama, hii ndo satini, ninayo ndani hapa, mita moja 5,000.

Nilicheka kwa kukosa la kufanya. Nilipomwandikia yule muuzaji akasoma, hakujibu, kesho yake nikawa simuoni tena. Nimepigwa, basi.

Ndo nikaanza kuelewa kitu ambacho wauzaji wengi wanakichanganya, wengine kwa kutojua wengine kwa makusudi. Hariri ni aina ya uzi, unatoka kwa kiwavi anayekula majani ya mforsadi (wauzaji wanauita mulberi), anajizungushia kifukofuko na ule uzi wake ni mmoja unaenda mamia ya mita bila kukatika. Satini siyo uzi, satini ni namna ya kufuma. Uzi mmoja unapita juu ya nyuzi nne au zaidi ndo unazama chini ya mmoja, kwa hiyo upande wa juu unakuwa nyuzi ndefu zimelala tu, unang'aa na unateleza, upande wa chini umefifia. Unaweza kufuma satini kwa hariri, kwa polyesta, hata kwa pamba. Bibi yangu mzaa mama wa Kondoa nilipompelekea kipande akakishika akasema hii si atlasi hii? Na kweli wazee waliita atlasi, ila atlasi yao ilikuwa ya hariri. Kwa hiyo mtu akikuuliza siliki au satini ni kama anakuuliza unataka mchele au pilau. Swali lenyewe huku mtaani lina maana ya hariri ya kweli au satini ya polyesta, na hapo ndo tuongee.

Nikanunua mita mbili pale pale, rangi ya zabibu, 10,000. Kitambaa kilikuwa na upana wa mita moja na nusu kwa hiyo zikatoka foronya mbili za 50 kwa 75 zenye mfuko wa kukunja mwishoni badala ya zipu, na utepe mrefu ukabaki nikashonewa vibanio vya nywele. Ushonaji 3,000 kila moja. Jumla 16,000 foronya mbili, hebu linganisha na ile. Shida ni kwamba moja aliishona kinyume, upande uliofifia nje! Nafikiri ni mjukuu wake alishona ile, mzee mwenyewe hawezi. Nililala nayo siku mbili nashangaa mbona hii haitelezi, mpaka nilipoziweka sambamba mchana dirishani.

Hariri ya kweli niliipata mwezi wa kumi mwaka ule ule. Wifi yangu anafuata mzigo China, nikamwomba aniletee moja akinitafutia iliyoandikwa momi, maana hariri inapimwa kwa momi, ni uzito wa kitambaa. Ukikuta 19 ni nyepesi, 22 ndo nzuri ya kulalia, 25 nzito zaidi na bei juu. Ile 22 ukiipiga hesabu ni kama gramu 95 kwa mita moja ya mraba. Muuzaji asiyejua momi yake au anayekwambia "siliki ya satini laini ya mulberi" kwa 20,000 we mwache aendelee na safari yake. Akaja nayo na treni ya SGR kutoka Dar, akanipigia hesabu 110,000 bei ya kindugu (sijui angekuwa siyo wifi ingekuwaje). Kitu cha kwanza, kabla hata ya kumpa chai, nikachomoa uzi kwenye pindo nikauwasha. Harufu ya nywele zilizoungua, ile ile ya zamani tulivyokuwa tunanyooshwa na kitana cha moto jikoni. Jivu likavunjika vidoleni likawa vumbi. Ni kwa sababu hariri ni protini kama nywele zenyewe. Ukiona inanuka kama karatasi iliyoungua basi hiyo siyo hariri wala polyesta, mara nyingi ni viskosi, uzi unaotengenezwa kwa mbao, nayo huuzwa kwa jina la siliki kila siku.

Nimezilalia kwa kupokezana tangu hapo, na huu ndo ukweli wangu. Kwa nywele, yaani kukatika, mafundo, msuko kuchakaa, sijaona tofauti ya kulipia 100,000. Kisogo changu kilianza kurudi tangu kwenye zile za fundi, msusi mwenyewe alisema, na nilipohamia hariri kikaendelea vile vile, hakikuongeza mbio. Kinachoumiza nywele kwenye pamba ni ule ukwaruzaji, pamba ni nyuzi fupi fupi zilizosokotwa, vincha vyake vimejitokeza vinashika unywele ukigeuka. Hariri na polyesta zote uzi wake ni mrefu na laini, nywele inapita. Basi.

Na kuna hili la unyevu ambalo kila mtu analisema kinyume. Utasikia hariri hainyonyi mafuta wala maji ya nywele zako. Binamu yangu aliyesomea mambo ya nguo Dar alinicheka, akaniambia kwa vipimo vyao hariri inabeba unyevu wa kama asilimia 11 ya uzito wake, pamba 8.5, na polyesta haifiki hata 1. Kwa hiyo kama hofu yako ni foronya kunywa maji uliyopulizia nywele usiku, satini ya bei chee ndo haina kiu! Ila hapo hapo ndo ubaya wake ulipo, maana na jasho nalo halinyonyi. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa kabla mvua hazijaanza, joto la usiku na umeme umekatika feni imesimama, satini inakuganda shavuni kama mfuko wa rambo. Nilikuwa nageuza mto kila saa kutafuta upande wa baridi. Hariri usiku kama huo ni kitu kingine, inapoa, hainati, nililala kama mtoto. Na ule mlio wa tsa tsa wa mwezi wa saba hewa ikiwa kavu kwenye hariri ni mdogo sana, kwenye satini nywele zinasimama kama umeona jini. Dawa yake nikagundua ni kupuliza maji kidogo kichwani kabla ya kulala.

Mafuta nayo. Mimi napaka mnyonyo na nazi, satini inashika harufu ya mafuta hayo na haitaki kuyaachia, usipofua kila wiki inaanza kunuka ule uvundo wa mafuta ya zamani. Lakini satini unafua utakavyo, sabuni ya unga, anika juani, saa moja imekauka, inarudi kitandani.

Hariri haitaki hivo na hapa nina kidonda. Dada anayenisaidia kazi aliikuta kwenye tenga akaifua na mashuka, sabuni ya unga, akaianika juani saa sita mchana, jua la Dodoma unalijua. Nilivyorudi kazini ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa, mng'ao umekufa upande mmoja. Sikumgombeza, sikuwa nimemwambia, kosa langu. Hariri inafuliwa kwa mkono, maji ya baridi, shampuu kidogo inatosha, usiikamue, jiki usiisogeze kabisa maana inakula uzi wenyewe, na uanike kivulini. Na kama maji yenu ni ya chumvi suuza ya mwisho weka siki kijiko kimoja kwenye beseni. Ililainika kiasi, lakini siyo ile iliyotoka kwenye begi la wifi.

Mengine madogo madogo. Mto unachomoka ndani ya foronya za kuteleza, suluhisho ni kuvalisha ile ya pamba ya zamani ndani halafu hii juu. Mume wangu anadai anaamka kichwa kiko kwenye godoro, hiyo sina msaada. Kama unalala na kilemba cha satini kisichochomoka usiku basi foronya huihitaji sana, mimi cha kwangu nakikuta miguuni asubuhi ndo maana. Na isikuingie akilini kwamba foronya inaotesha nywele au inaondoa mba, mba ilikuwa shida yangu nyingine nikaitibu na shampuu ya duka la dawa. Nywele za mbele nazo kama msusi anakuvuta rasta mpaka macho yanapanda, hata ulalie wingu zitaondoka tu.

Sasa hivi kwangu ni satini miezi yote, hariri natoa lile joto la mwezi wa kumi na moja likija. Mwenye 110,000 ya ziada na anayefua nguo zake mwenyewe anunue hariri kwa raha yake, nami naielewa hiyo raha. Mwanafunzi wa UDOM, chuo kikuu cha hapa, na mwenye watoto watatu wa kike kama dada yangu wa Nkuhungu aende Majengo na mita zake. Wiki iliyopita nilimpeleka, mzee akakunjua kitambaa mezani, kabla hajashika mkasi akakigeuza mara mbili kwenye mwanga, akamwita mjukuu wake, akamwekea kidole juu: "Unaong'aa huu, uwe nje. Huyu mama ananijua."